Kifundo cha Mkono Mbele ya Jopo la Mafao

Katika Bonde la Kilombero, mkono ndio mtaji. Mpunga wa Namawala hulimwa, hupandwa, hupaliliwa, huvunwa na kupigwa na watu ambao wengi wao hawana mashine wala mwajiri. Mtu ambaye kifundo chake cha mkono kimeuma mwaka mzima, kikakaza au kufa ganzi, amepoteza sehemu kubwa ya riziki yake hata kama anatembea, anaona, anasikia na kuzungumza kama kawaida. Hata hivyo, akiuliza kama anastahili mafao ya ulemavu, jibu hutegemea mambo mawili yaliyo nje ya uwezo wake. La kwanza ni kama aliwahi kuwa na mwajiri au kuchangia mfuko wa hifadhi ya jamii. La pili ni kama mhudumu wa afya aliyemtibu aliandika kile ambacho mkono huo hauwezi tena kukifanya. Jambo la pili linaweza kurekebishwa sasa, kwa kalamu na karatasi. La kwanza linahitaji uamuzi wa kisera, na halipaswi kuendelea kusubiri.

Maradhi yasiyopigiwa kelele

Namawala, magharibi mwa mji wa Ifakara, ni jina linalofahamika kwa watafiti wa malaria tangu miaka ya 1990. Huko mbu wamekamatwa, wakahesabiwa na kuchunguzwa usiku baada ya usiku, na elimu iliyopatikana imesaidia watu wa mbali na bonde hilo. Ni sifa inayostahili. Lakini maradhi ya kifundo cha mkono hayaui, hayaambukizi kwa kugusana, wala hayajazi wodi. Mgonjwa hupewa dawa ya maumivu, akaambiwa apumzike, akarudi shambani kwa sababu mvua haimsubiri mtu.

Chanzo cha maradhi hayo si kimoja. Kuna mfupa wa mkono uliovunjika karibu na kifundo kwa kuanguka, pengine kutoka kwenye pikipiki, ukaunga vibaya kwa kufungwa bila kunyooshwa. Kuna mfupa mdogo wa skafoidi, ulio upande wa kidole gumba, ambao ufa wake huweza kutoonekana katika picha ya kwanza ya eksirei. Iwapo mgonjwa hatarudishwa kupigwa picha nyingine baada ya siku 10 hadi 14, ufa huo huweza kukosa kuunga kabisa, na miaka kadhaa baadaye kifundo kizima kikachakaa. Kuna kubanwa kwa neva ya kati inapopita katika njia nyembamba ya kifundo: vidole vitatu vya kwanza na nusu ya kidole cha pete hufa ganzi, hasa usiku, kisha msuli ulio chini ya kidole gumba hunyong'onyea. Kuna uvimbe wa kano za kidole gumba uliopewa jina la daktari wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliyeueleza mwaka 1895. Kuna baridi yabisi, ambayo hupenda kuanzia katika vifundo vya mikono yote miwili. Na kuna chikungunya, ugonjwa uliotambuliwa kwa mara ya kwanza kusini mwa Tanzania mwaka 1952 na 1953, ambao huweza kuacha maumivu ya vifundo kwa miezi au hata miaka baada ya homa kwisha.

Kazi ya mpunga huviongezea vyanzo hivyo uzito. Kushika jembe, kukata mabua kwa mundu na kupiga miganda ni kurudia mwendo uleule, kwa nguvu, huku kifundo kikiwa kimepinda. Shirika la Kazi Duniani, katika orodha yake ya magonjwa ya kazini iliyorekebishwa mwaka 2010, linataja uvimbe sugu wa kano za mkono na kifundo, pamoja na kubanwa kwa neva ya kati, kuwa ni magonjwa yanayoweza kusababishwa na kazi ya namna hiyo. Kwa hiyo anayesema kwamba maumivu hayo ni uzee au uvivu anapingana na elimu ya tiba.

Milango iliyopo

Mgonjwa ana haki ya kuelezwa ukweli wa milango iliyopo, pamoja na ile iliyofungwa kwake, ili asipoteze nauli na miezi akifuatilia asichoweza kukipata.

Kwa aliyeajiriwa Tanzania Bara, katika sekta ya umma au binafsi, mlango wa kwanza ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Michango yake hulipwa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Mfuko huu huangalia jambo moja kabla ya yote: je, jeraha au ugonjwa umetokana na kazi? Ikiwa ndivyo, hugharamia matibabu, hulipa fidia ya muda mfanyakazi asipoweza kufanya kazi, na baada ya matibabu kufika mwisho wake hulipa fidia ya ulemavu wa kudumu. Ulemavu uliopimwa kuwa asilimia 30 au pungufu hulipwa kwa mkupuo. Unaozidi hapo hulipwa kama pensheni ya kila mwezi. Taarifa inapaswa kufikishwa kwa mwajiri mapema iwezekanavyo, na kuchelewa kupita miezi 12 huweza kuua dai lenyewe.

Mlango wa pili ni pensheni ya ulemavu ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF. Hapa haijalishi kama ugonjwa umetokana na kazi au umeanzia nyumbani. Kinachoangaliwa ni kama mwanachama, kabla ya kufikia umri wa kustaafu, amepoteza angalau theluthi mbili za uwezo wake wa kujipatia kipato, na kama amechangia vya kutosha: kwa kawaida miezi isiyopungua 36, ambayo 12 kati yake iwe ile iliyotangulia kuanza kwa ulemavu. Uthibitisho hutolewa na jopo la madaktari.

Kabla ya kufika huko kuna likizo ya ugonjwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Wengi huacha kazi kwa maumivu bila kuitumia likizo hiyo, na kwa kuacha kwao hupunguza nguvu ya dai lao la baadaye.

Sasa mkulima wa Namawala anayelima ekari zake mwenyewe asimame mbele ya milango hii. Hana mwajiri, hivyo WCF haimhusu. NSSF hupokea wanachama waliojiajiri, wakulima wakiwamo, lakini aliyeanza kuumwa kabla ya kujiunga amekwisha kuchelewa. Unabaki mpango wa kunusuru kaya maskini unaoendeshwa na TASAF, ambao kwanza hupima umaskini wa kaya nzima. Mtu mzima wa miaka 40 mwenye kifundo kibovu ni rahisi kuhesabiwa kuwa nguvu kazi. Ipo pia mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ambayo asilimia 2 ya mapato ya ndani hutengwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake upitiwe upya, kisha ikarejeshwa. Ni msaada wa kweli kwa anayeweza kubadili kazi. Lakini mkopo hurudishwa, na anayekopa bila mkono wa kuzalishia hukopa hofu.

Swali lililoulizwa na swali lililojibiwa

Hata kwa mwenye mwajiri na michango kamili, madai ya kifundo cha mkono hukwama mahali pamoja. Fomu inauliza uwezo; daktari anajibu ugonjwa. Barua inayosema kwamba mgonjwa ana kubanwa kwa neva ya kati, ametumia dawa na anahitaji kupumzika, inamwambia msomaji jina la maradhi tu. Watu wawili wenye jina hilohilo wanaweza kuwa mmoja anayeamka usiku kukung'uta vidole na kurudi kulala, na mwingine asiyeweza kufunga kifungo cha shati.

Ugumu huongezeka kwa sababu mifuko miwili inauliza maswali mawili tofauti. Asilimia za ulemavu wa kudumu hupima upungufu wa mwili. Katika miongozo ya Chama cha Madaktari wa Marekani, inayojulikana sana duniani, mkono wote kuanzia bega huhesabiwa kuwa asilimia 60 ya mwili, na kiganja na vidole vyake kuwa asilimia 90 ya mkono huo. Kwa hiyo anayekatwa mkono kifundoni huhesabiwa amepoteza asilimia 54 ya mwili mzima. Kifundo kilichokaza lakini chenye vidole vinavyofanya kazi hupata chini sana ya hapo. Kipimo hiki hakijali kama mwenye kifundo ni karani au mkata miwa.

Swali la NSSF ni jingine. Theluthi mbili za uwezo wa kujipatia kipato hazipimwi kwenye mfupa. Hupimwa kwa kulinganisha mtu na kazi anayoweza kuipata. Karani aliyekaza kifundo cha kushoto anaweza kuendelea na kazi yake. Mkata miwa mwenye kifundo kilekile, aliyeishia darasa la saba na anayeishi mahali ambapo kazi zote ni za jembe, panga au mundu, huenda asiwe na kazi yoyote iliyobaki. Daktari anayeandika asilimia ya mwili peke yake amejibu swali la mfuko mmoja, na kuliacha la mfuko wa pili bila jibu.

Upungufu huu unafanana na ule wa takwimu. Kundi la Washington, lililoundwa chini ya Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa mwaka 2001, lilitunga maswali sita mafupi ambayo nchi nyingi huyatumia kuwatambua watu wenye ulemavu: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Ni maswali mazuri, lakini hakuna hata moja linalouliza moja kwa moja habari za mikono. Maswali hayo yapo katika orodha ndefu ya kundi hilohilo: je, mtu anaweza kunyanyua chupa ya lita mbili ya maji kutoka kiunoni hadi usawa wa macho? Je, anaweza kuokota kitu kidogo kama kifungo, au kufungua na kufunga chombo? Mahali panapoishi kwa mikono, maswali haya mawili yangepaswa kuulizwa mwanzoni.

Kinachopaswa kuandikwa

Kuandika uwezo hakuhitaji hospitali ya rufaa. Mganga wa zahanati ndiye anayemwona mgonjwa mapema na mara nyingi, na ushahidi wa ugonjwa sugu hujengwa na mahudhurio mengi. Jopo likisoma kadi yenye vipimo vilevile vya mwezi wa pili, wa sita na wa kumi na mbili, litaamini zaidi kuliko barua moja ndefu iliyoandikwa siku ya kuombwa.

Kwanza iandikwe kazi. "Mkulima" haitoshi, iandikwe kwamba hulima mpunga kwa jembe la mkono, huvuna kwa mundu, na kwa saa ngapi kwa siku. Uandikwe pia mkono anaoutumia zaidi. Pili ziandikwe tarehe: maumivu yalianza lini, baada ya tukio gani, na taarifa ilitolewa kwa nani. Tatu uandikwe mwendo wa kifundo kwa nyuzi. Kifundo chenye afya hukunjika mbele kwa takriban nyuzi 80 na nyuma kwa takriban 70, na kazi nyingi za kila siku huhitaji kama nyuzi 40 kila upande. Kifundo chenye nyuzi 15 kinajieleza chenyewe.

Nne ipimwe nguvu ya kushika. Pasipo na kifaa maalumu, mkanda wa mashine ya kupimia shinikizo la damu hukunjwa, hujazwa hewa hadi milimita 20 za zebaki, kisha mgonjwa huuminya kwa kila mkono mara tatu. Namba zote sita ziandikwe. Mkono mzima hutumika kumlinganishia mgonjwa na yeye mwenyewe, na majibu yanayokaribiana hupunguza shaka kwamba anajifanya. Tano yaandikwe matendo: kusonga ugali, kukamua nguo, kuchota maji, kufunga kifungo, kushika mpini. Kila moja lipewe jibu: anaweza, anaweza kwa shida, hawezi. Sita yaandikwe matibabu yaliyojaribiwa na matokeo yake: banzi la usiku, sindano, mazoezi ya viungo, upasuaji.

Hilo la sita lina uzito kwa mgonjwa pia. Mafao ya kudumu hutolewa kwa kilichobaki baada ya tiba, hayachukui nafasi ya tiba. Neva iliyobanwa na kufunguliwa mapema huweza kupona. Ikiachwa hadi msuli ukauke, upasuaji hautarudisha kila kitu. Mgonjwa anayekataa rufaa kwa kuogopa kwamba akipona atakosa fidia anajidhuru mara mbili: anapoteza mkono, na jopo litauliza kwa nini hakutibiwa. Kadi zote zitunzwe mahali pasipovuja, na nakala ya kila fomu ibaki nyumbani.

Wapo watakaosema kwamba kuandika hivi kutafungua mlango wa udanganyifu. Hofu hiyo ina msingi, kwa maana maumivu hayapigwi picha na fedha za mifuko ni jasho la wanachama. Lakini udanganyifu hustawi zaidi penye maneno ya jumla kuliko penye namba zilizorudiwa. Na daktari anayeongeza chumvi kwa huruma humponza mgonjwa wa kweli atakayekuja baada yake.

Mlango ambao haujajengwa

Kalamu ya mganga, hata ikiwa makini kiasi gani, haitamsaidia mkulima ikiwa hakuna wa kumsomea. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inautazama ulemavu kama kupoteza au kupungukiwa nafasi ya kushiriki maisha ya kawaida ya jamii sawa na wengine. Kwa maana hiyo, mpanda mpunga asiyeweza kushika mche amekwisha kuingia katika ulemavu. Kinachokosekana ni fao linaloifuata tafsiri hiyo kwa mtu asiye na mwajiri. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inaelekea kumpunguzia gharama za tiba, nalo ni jambo kubwa, lakini bima ya afya hailipi debe la mpunga ambalo halikuvunwa.

Mifano ya nchi nyingine inafundisha kwa namna mbili. Kenya hutoa ruzuku ya fedha kwa watu wenye ulemavu mkubwa tangu mwaka 2011, lakini imelengwa kwa wanaohitaji uangalizi wa kudumu; mwenye kifundo kibovu hafiki hapo. Afrika Kusini hutoa ruzuku ya ulemavu kwa mtu mzima asiye na kipato cha kutosha ambaye daktari amethibitisha kwamba hawezi kufanya kazi kwa zaidi ya miezi sita, bila kujali kama aliwahi kuajiriwa. Na hapa nyumbani, Zanzibar ilianza mwezi wa Aprili 2016 kumlipa pensheni kila mkazi mwenye umri wa miaka 70 na kuendelea, bila kuuliza alichangia nini. Pensheni hiyo ni ya wazee, lakini imethibitisha kwamba ndani ya Jamhuri ya Muungano serikali inaweza kumlipa mtu kwa hali yake badala ya mkataba wake wa kazi.

Bajeti ina mipaka, na hakuna anayetazamia kila maumivu ya mkono yalipwe pensheni. Hatua tatu zinaweza kuanza bila gharama kubwa. Tathmini za kaya maskini ziongeze yale maswali mawili ya mikono, ili mtu mzima asiyeweza kushika jembe asihesabiwe kuwa nguvu kazi. Fomu moja fupi ya kupima uwezo wa mkono itumike kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa, na ikubaliwe na mifuko yote, ili mgonjwa asipimwe upya kila mlangoni. WCF imekuwa ikiwafunza madaktari kutathmini ulemavu. Mafunzo hayo yashuke hadi kwa matabibu wa vijijini. Na mkulima apewe elimu ya kujiunga na mfuko angali mzima, wakati wa mavuno fedha inapokuwapo, kwa maneno yanayomweleza wazi atapata nini na baada ya miezi mingapi.

Baada ya hapo swali la mlango mpya litabaki mezani kwa Bunge na Serikali, na litajibiwa vizuri zaidi ikiwa zahanati za bonde zitakuwa na kumbukumbu za kulijibia: ni watu wangapi walikuja na mikono isiyofanya kazi, walikuwa wakifanya kazi gani, na nini kilichobaki baada ya tiba. Kumbukumbu hizo zinaweza kuanza kuandikwa kwa mgonjwa wa kwanza wa kesho asubuhi.